Boksi la runinga la Mama: tuliyojifunza baada ya mchango wetu kupotea

Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, na tangu hapo dunia yake ni chumba kimoja: kitanda, dirisha linalotazama uchochoro wa Kibokoni, na runinga. Ndugu watano tulipokubaliana kuchanga shilingi elfu moja kila mmoja tumnunulie boksi la kutazamia intaneti, hatukuliona kama anasa. Tulitaka atazame Makka mubashara, taarab za zamani na mawaidha kwa wakati wake mwenyewe, si kwa ratiba ya kituo.

Pesa tulimkabidhi shemeji, maana ndiye mjuzi wa maduka. Akiwa dukani alinipigia simu: kulikuwa na maboksi mawili, moja la shilingi 4,500 na jengine lililozidi mchango wetu mara mbili. La bei nafuu liliandikwa "8K" na "128GB" kwenye karatoni, na muuzaji aliahidi ligi ya Uingereza na filamu zote bure bila kulipa mwezi. Nikamwambia achukue hilo. Kosa kwa hivyo lilikuwa langu, na ndiyo sababu naandika haya.

Wiki ya kwanza tulifurahi. Wiki ya pili ndugu yangu akafungua Netflix kwa akaunti yake mwenyewe anayoilipia, picha ikatoka na ukungu kana kwamba tunatazama kupitia chandarua. Nafasi ya kuhifadhi ikajaa baada ya programu chache tu, licha ya ile 128 ya kwenye karatoni. Kisha intaneti ya nyumba nzima ikazorota. Mpwa wangu anayesoma chuo akawa hawezi kutuma kazi zake. Usiku wa manane, runinga imezimwa na watu wamelala, taa za modemu zilikuwa zikimetameta bila kupumzika. Nikachomoa boksi, intaneti ikarudi. Nikalichomeka tena, ikazorota tena.

Duka lilikataa kulirudisha kwa hoja kwamba karatoni imeshafunguliwa. Dada yetu mkubwa akauliza mchango wake umekwenda wapi, na shemeji akataka kulipa kutoka mfukoni mwake kwa aibu isiyokuwa yake. Hapo ndipo nilipokaa chini kujifunza nilichopaswa kujua kabla ya simu ile. Jina la boksi lile nitalihifadhi, kwani sijalipeleka kwa mtaalamu alifungue. Haya mengine yanajulikana, na kila anayetaka kununua anafaa kuyajua.

Android si moja

Karibu maboksi yote haya huandikwa "Android". Neno hilo peke yake halina uzito. Msingi wa Android ni programu huria, yaani kiwanda chochote kinaweza kuuchukua bure na kuupachika kwenye kifaa chochote. Lakini mfumo wa Google ulioundwa kwa ajili ya runinga, uitwao Android TV au Google TV, pamoja na duka lake la Play Store, huhitaji leseni, na kifaa lazima kipimwe kabla ya kuidhinishwa.

Maboksi mengi ya bei ya chini hayajapitia huko. Ndani yake mna Android ya simu iliyovishwa sura ya runinga. Utaijua kwa dalili: rimoti haitoshi na unalazimika kutafuta kipanya, programu zinafunguka kwa sura ya simu, na alama ya Play Store ipo lakini huna hakika ilifikaje hapo.

Ukungu wa Netflix nao una sababu. Kampuni zinazouza filamu hulinda video zao kwa mfumo uitwao Widevine, na mfumo huo una ngazi. Kifaa chenye ngazi ya juu, L1, hupewa picha safi ya HD na kuendelea. Chenye ngazi ya chini, L3, hupewa picha duni tu. Kwa hivyo unaweza kulipia kifurushi kizuri na kuwa na intaneti ya kasi, bado picha ikawa mbovu kwa sababu boksi halikuidhinishwa. Hakuna fundi wa mtaani atakayelitengeneza hilo.

Kuhusu nambari za karatoni, mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. "8K" mara nyingi humaanisha tu kwamba boksi linadai kuweza kupokea faili ya aina hiyo. Kama runinga yako ni ya HD, kama ile ya Mama, basi 4K wala 8K hazitakuonyesha chochote zaidi.

Bure ya nani?

Hili ndilo lililonitia hofu. Mwezi wa Januari 2023, mtaalamu mmoja wa Kanada alitangaza kwamba boksi la aina ya T95 alilonunua mtandaoni lilikuja na programu hasidi ndani yake tangu kiwandani. Uchunguzi uliofuata uligundua mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo, ukapewa jina BADBOX. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma kuhusu toleo lake la pili. Mwezi uliofuata Google iliwashtaki waendeshaji wake katika mahakama ya New York, ikisema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10.

Programu hizo hufanya nini? Kazi yake kubwa ni kuikodisha intaneti yako. Mhalifu aliye mbali hupitisha shughuli zake ndani ya boksi lako, na huko zinakofika huonekana zimetoka nyumbani kwako. Nyingine hubofya matangazo kimyakimya usiku kucha ili mtu fulani alipwe. Wewe unaona kasi imeshuka tu, na bando limekwisha kabla ya siku zake.

Sisemi kwamba boksi litaingia kwenye simu yako na kuchota pesa za M-Pesa. Hilo ni jambo jengine. Lakini ukishaandika neno la siri la barua pepe yako kwenye kifaa usichokiamini, umelikabidhi. Na barua pepe ndiyo mlango wa akaunti nyingi nyingine.

Dalili ambazo FBI ilizitaja zinafanana sana na maneno ya wauzaji wetu: kifaa kisicho na jina linalojulikana, kinachosifiwa kwamba "kimefunguliwa" au kinatoa vipindi vya kulipia bure, kinachokutaka uzime ulinzi wa Google, au kinachopakua programu kutoka maduka yasiyo rasmi. Ile ligi ya bure ndiyo chambo. Mbali na kwamba kuonyesha mechi bila idhini ya mwenye haki ni kuvunja sheria ya hakimiliki, vituo hivyo hufungwa katikati ya msimu, na muuzaji hatakurudishia hata senti.

Kizuri na kasoro zake

Boksi lenye leseni nalo si muujiza. Nichukue mfano wa Xiaomi TV Box S la kizazi cha tatu, lililotoka mwaka 2025. Lina Google TV halali, picha ya 4K, nafasi ya GB 32 na kumbukumbu ya GB 2. Kizazi cha pili kilikuwa na nafasi ya GB 8 tu, na sehemu kubwa yake huliwa na mfumo wenyewe, kwa hivyo hapo pana nafuu ya kweli. Pia lina Wi-Fi 6, na Netflix yake ni ile iliyoidhinishwa.

Kasoro zake ziko wazi. Halina tundu la waya wa intaneti, kwa hivyo unategemea mawimbi ya hewani. Tundu la USB ni moja tu: ukichomeka kiunganishi cha waya wa intaneti, flashi huna pa kuiweka. Kumbukumbu ya GB 2 inatosha kutazama lakini si nyingi. Na ukurasa wake wa mwanzo, kama Google TV zote, hukuletea mapendekezo na matangazo ambayo hukuyaomba.

Hilo la kukosa tundu la waya ni zito kwa wenzangu wa Mji wa Kale. Nyumba zetu zina kuta nene za mawe ya matumbawe. Wi-Fi ya kawaida ina mikondo miwili: 5GHz yenye kasi lakini isiyopenya ukuta vizuri, na 2.4GHz iliyo pole lakini inayofika mbali. Modemu yetu ilikuwa sebuleni, na chumba cha Mama kipo nyuma ya kuta mbili. Hata boksi bora lingekwama pale. Tulivuta waya, tukaisogeza modemu hadi mlangoni kwake. Na Wi-Fi 6 haina faida kama modemu yako ni ya zamani.

Hesabu ya data

Kabla ya kununua, fanya hesabu hii. Kwa takwimu za Netflix yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hula takriban GB 1, ya HD hufika GB 3, na ya 4K hufika GB 7. Mama hutazama kama saa sita kwa siku. Kwa HD hiyo ni GB 18 kwa siku, na GB 540 kwa mwezi. Hakuna bando la simu litakalostahimili. Kwa picha ya kawaida ni GB 180, na bado ni nyingi.

Maana yake ni kwamba boksi hili ni la nyumba yenye intaneti ya malipo ya mwezi, na hata hiyo, uliza kama kasi hupunguzwa ukishapita kiwango fulani. Kama unategemea kuwasha hotspoti ya simu, bora ubaki na king'amuzi. Na ukishapata boksi, teremsha ubora wa picha katika mipangilio. Kwenye runinga ndogo, Mama hakuona tofauti yoyote.

Usiutupe uzi wa antena

Wengine hudhani boksi hili ni king'amuzi kipya. Sivyo. Tangu Kenya ihamie mfumo wa dijitali mwaka 2015, vituo vya bure hupokewa kwa antena na king'amuzi, au kwa runinga yenye kipokezi ndani. Boksi la intaneti la aina hii halina kipokezi hicho. Vituo vyetu vikubwa huonekana YouTube, lakini intaneti ikikatika vyote hupotea pamoja.

Na hukatika. Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na sisi huku Mombasa, ambako nyaya hizo hutua nchi kavu, tukakaa na intaneti ya kusuasua. Siku kama hiyo mgonjwa hana budi kuwa na kitu cha kutazama. Tuliliacha king'amuzi la Mama mahali pake.

Maswali ya kwenda nayo dukani

Kwanza, jina la kampuni na modeli. Google ina orodha kwenye tovuti ya Android TV ya kampuni zilizoidhinishwa. Itazame kwa simu ukiwa dukani, kabla ya kutoa pesa.

Pili, mwambie muuzaji aliwashe boksi mbele yako na afungue Netflix au YouTube. Likitaka kipanya, au likija limejaa programu za mechi za bure, ondoka.

Tatu, tazama nyuma ya runinga yako kama ina tundu la HDMI. Zile za zamani zenye matundu ya rangi nyekundu, nyeupe na manjano pekee hazitakubali maboksi mengi ya sasa.

Nne, risiti yenye muda wa kurudisha uliyoandikwa, si kuambiwa kwa mdomo. Hili ndilo lililotugharimu sisi.

Na kama tayari unalo boksi usiloliamini, lichomoe usiku mmoja uone intaneti inavyokwenda. Ikiwa nafuu ni kubwa, libaki limechomolewa, kisha badilisha neno la siri la barua pepe uliyolitumia humo, ukitumia simu au kompyuta. Kulirudisha kwenye hali ya kiwandani hakusaidii ikiwa ugonjwa wenyewe ulitoka kiwandani.

Sisi tulichanga tena, safari hii miezi miwili mbali, na nililipa sehemu ya shemeji kwa kuwa neno la mwisho kwenye simu ile lilikuwa langu. Boksi jipya lina jina na risiti yake ina tarehe. Halina ligi ya bure, na vijana wa nyumbani walinung'unika siku mbili tatu kabla ya kurudi kwenye kibanda chao cha mpira. Mama hana habari na yote hayo. Kwa mkono wake mmoja wenye nguvu ameshajifunza kitufe kimoja cha rimoti, kile kinachompeleka Makka, na huo ndio ulikuwa mchango wetu tangu mwanzo.