Kumzawadia Baba Historia: Tuangalie Nini Kabla ya Kuchagua?

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu Mtukufu, aliyeifuatisha amri ya kuwatendea wema wazazi baada ya amri ya kumwabudu Yeye peke Yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetufunza kuwa kupeana zawadi huleta mapenzi.

Zawadi za mzazi wa kiume katika jamii yetu zinajulikana: kanzu, kofia ya viua, msuli, mswala, na mafuta mazuri siku ya Idi. Zote ni njema. Hata hivyo, wapo wazee ambao makabati yao yamejaa kanzu, na wanachokikosa ni mazungumzo. Mzee amesomesha, ameoza, amestaafu. Sasa anakaa barazani kutoka Alfajiri hadi Adhuhuri, na wanawe wanampitia kwa "shikamoo baba", wanapokea "marahaba", kisha wanashika njia.

Ndiyo maana baadhi ya vijana wameanza kuwapelekea baba zao filamu za makala ya kihistoria, ama kwa flashi ya kuchomeka kwenye televisheni, ama kwa simu. Ni wazo la kupongezwa. Lakini kama ilivyo kwa kitabu, si kila filamu inayoitwa ya historia inafaa kuingizwa nyumbani bila kuchunguzwa.

Nani anasimulia?

Swali la kwanza ni la msimulizi. Mwaka 1986, Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alitoa mfululizo wa sehemu tisa uitwao The Africans: A Triple Heritage, uliorushwa Uingereza na Marekani. Hoja yake ilikuwa kwamba Afrika imerithi mambo matatu: mila zake za asili, Uislamu, na ustaarabu wa Magharibi. Kwa mzee wa pwani, kumwona Mswahili Mwislamu akiusimulia ulimwengu habari za bara lake ni faraja kubwa. Lakini wapo waliochukizwa. Lynne Cheney, aliyekuwa mkuu wa taasisi ya serikali ya Marekani iliyochangia fedha za mradi huo, alitaka jina la taasisi yake liondolewe kwenye filamu, kwa madai kwamba inaishambulia Magharibi.

Mwaka 1999, Profesa Henry Louis Gates wa Marekani alitoa mfululizo wake, Wonders of the African World, akapita pia pwani yetu. Safari hii Mazrui ndiye aliyekosoa hadharani, hasa namna suala la utumwa lilivyoelezwa na namna Waswahili walivyooneshwa. Wasomi wawili, pwani moja, masimulizi mawili. Mwana anayempa baba yake filamu moja na kumweleza kuwa ni ukweli wote, hajamtendea haki.

Kwa wanaotafuta kazi ya karibuni, upo mfululizo wa Zeinab Badawi, mzaliwa wa Sudan, uitwao History of Africa. Una sehemu 20, umeegemea vitabu vya UNESCO vya historia ya Afrika, na wanaozungumza ndani yake wengi wao ni wanahistoria wa Kiafrika.

Makala si maigizo

Jambo la pili ni kutofautisha makala na maigizo. The Message ya mwaka 1976 na Lion of the Desert ya mwaka 1981, zote za Moustapha Akkad, ni maigizo. Hiyo ya pili inahusu shujaa wa Libya, Omar Mukhtar, aliyenyongwa na Waitalia mwaka 1931. Kisa ni cha kweli, lakini maneno ya waigizaji yametungwa. Mzee aelezwe hivyo mapema.

Filamu zinazohusu Sira zinahitaji uangalifu zaidi. Mfululizo wa BBC wa mwaka 2011, The Life of Muhammad, uliotangazwa na Rageh Omaar, haukuonesha sura ya Mtume (S.A.W.), lakini uliwapa nafasi pia wakosoaji wa Uislamu. Mtoto autazame kwanza mwenyewe, na akiwa na shaka amuulize sheikh wake.

Majeraha ya zamani

Jambo la tatu husahauliwa mno. Ipo filamu ya Kiitaliano ya mwaka 1966, Africa Addio, yenye picha zilizopigwa kutoka angani zikionesha mauaji ya Zanzibar ya mwaka 1964. Filamu hiyo imelaumiwa sana kwa kuwadhalilisha Waafrika, na vipande vyake husambazwa katika simu bila jina wala maelezo. Kwa kijana hiyo ni historia. Kwa mzee aliyekuwapo, huenda ni jirani yake, au ndugu yake. Vivyo hivyo kwa baba aliyepigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979. Aulizwe kwanza kama yuko tayari kutazama. Akikataa, basi, asilazimishwe wala asihojiwe sababu.

Zawadi yenyewe ni kukaa naye

Nyingi ya filamu hizi ni za Kiingereza. Kumwachia mzee flashi na kuondoka ni sawa na kumpa kitabu asichoweza kukisoma. Kaa naye, mfasirie, sehemu moja kwa siku inatosha, na sauti iongezwe ikiwa masikio yamechoka. Wakati wa swala ukiingia, filamu isimame.

Mzee akisema, "Sivyo ilivyokuwa," usimjibu kwamba hao ni maprofesa. Qur'ani imetukataza kuwatolea wazazi hata neno dogo la kuwaudhi. Pengine yeye ndiye anayejua. Muulize: ilikuwaje? Kisha andika, au mrekodi kwa idhini yake.

Nasema haya nikiwa katibu wa kamati ya msikiti. Faili la kiwanja chetu lina karatasi chache. Nani aliweka wakfu ardhi ile, mpaka wake ulipita wapi, nani walibeba mchanga wa msingi: hayo tunayapata kwa wazee wawili waliobaki. Mmoja aliyasimulia jioni moja baada ya kutazama na wanawe filamu kuhusu magofu ya Kilwa. Wanawe waliyaandika, wakatuletea, nasi tumeyaweka katika faili. Bila maandishi yale, siku mpaka utakapogombewa tungesimama na nini?

Basi tusingoje siku maalumu ya akina baba. Jioni yoyote kati ya Alasiri na Magharibi inatosha. Tuchague kwa elimu, tukae nao, tuwasikilize wangali hai. Mwenyezi Mungu awape wazazi wetu afya na mwisho mwema, na awarehemu waliotangulia. Wabillahi tawfiq.