Plagi Zilizochakaa katika Magari Yaliyotembea Sana
Magari mengi ya petroli yanayopita Ubena Zomozi, Chalinze na Bagamoyo yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kwa kuwa baadhi yana plagi za iridiamu, madini magumu yanayoziwezesha kufikia hata kilomita 100,000, wenye magari husahau kwamba nazo huchakaa. Plagi hutoa cheche ya kuwasha mchanganyiko wa petroli na hewa ndani ya silinda. Cheche hiyo huruka katika mwanya mwembamba, ambao mara nyingi huwa kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kila inaporuka humega chembe za chuma, hata mwanya ukapanuka, injini ikaanza kumisi, yaani kukosa mwako katika baadhi ya mizunguko, na mafuta yakapotea bure.

Unapokagua plagi iliyotolewa, rangi ya ncha yake ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Hudhurungi nyepesi ni dalili njema. Masizi makavu huashiria petroli kuzidi hewa. Weupe wa kuungua huonyesha joto lililopita kiasi. Na ncha iliyolowa oili hudokeza kwamba pete za pistoni au sili za valvu zimechoka, kasoro ambayo plagi mpya, hata ziwe za bei gani, haziwezi kuiponya.

Wakati wa kubadilisha plagi, injini sharti ipoe na vumbi lipulizwe kabla ya kufungua plagi ya zamani, kisha plagi mpya ianze kukazwa kwa mkono, kwani ikiingia upande huharibu kichwa cha injini, ambacho kwa kawaida ni cha alumini.