Mchanga Ukiondoka, Maji Nayo Huondoka

Sisi watu wa Pwani wengi wetu tunaijua Makueni kwa kupitia dirishani. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2017, tunapita Kibwezi na Emali mbio mbio, tunaona mibuyu na mito mikavu, kisha tunafika Nairobi kustaajabia magorofa. Ni wachache wanaojiuliza kama mito ile na magorofa yale vina uhusiano. Uhusiano upo, nao ni mchanga.

Mito mingi ya Ukambani ni ya msimu. Kaiti na Thwake kule Makueni, Tiva na Nzeeu kule Kitui, hufurika wakati wa mvua, kisha hukauka juu. Lakini chini ya mchanga maji hubaki kwa miezi. Baina ya punje na punje kuna nafasi, na kwenye mchanga wa chenga kubwa, maji yanaweza kufika robo ya ujazo wake au zaidi. Jua haliyafikii, wala mbu hapati pa kutaga. Mama hufukua shimo, akangoja maji yachuruzike, akachota kidogo kidogo mpaka mtungi ukajaa. Mchanga ule ndio tangi la kijiji.

Sasa lori likija, hubeba tangi lenyewe. Mji unapanuka, na simiti bila mchanga haijengi. Kijana asiye na kazi hulipwa kwa kupakia, na siku hiyo kwao jiko huwaka. Huyo si wa kulaumiwa. Lakini mchanga ukichotwa hadi kwenye mwamba, mvua ijayo hupita tu bila kusimama. Kingo hubomoka, visima vya kando hupungua maji, na mama aliyekuwa akichota karibu huanza kutembea mwendo mrefu na punda wake.

Je, maendeleo ni mazuri siku zote? Kizuri hakikosi ila. Gorofa ni neema kwa mwenye kulijenga na kwa anayepata pa kulala. Tatizo ni kwamba katika hesabu ya mjenzi imo bei ya lori, imo bei ya simiti, lakini kisima kilichokauka hakimo. Deni hilo hulipwa na mtu ambaye gorofa lenyewe huenda asilione maishani.

Watu wa Makueni hawakukataa maendeleo. Mwaka 2015, chini ya gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kuunda mamlaka ya kuusimamia. Wizi wa usiku haukuisha, lakini angalau sasa una jina lake. Isitoshe, Makueni na Kitui zinasifika kwa mabwawa ya mchanga. Ukuta hujengwa juu ya mwamba kukata mto, kila mafuriko huleta mchanga wake, na baada ya misimu kadhaa nyuma ya ukuta kunakuwa na hifadhi ya maji. Hayo pia ni maendeleo, na yanatumia simiti ile ile. Tofauti ni kwamba anayebeba mawe ya ukuta ndiye atakayekunywa.

Tusidhani haya ni ya bara peke yake. Mto Thwake humwaga maji yake Athi, Athi ikawa Galana, na Galana ikawa Sabaki inayoingia baharini karibu na Malindi. Udongo unaobomoka huko juu huteremka na maji, na watu wa Malindi wanaijua rangi ya bahari yao mvua zikinyesha.

Basi siku tukiletewa mradi hapa kwetu, uwe wa bandari, barabara au machimbo, kabla ya kupiga makofi tuulize mambo mawili: faida ni ya nani, na nani atakayekwenda mbali kutafuta maji, samaki au shamba. Kama jawabu la pili halimo kwenye karatasi za mradi, hesabu yake haijakamilika.