Tarakimu ya mwisho kwenye pakiti hulinda nini?

MNUNUZI wa sabuni au majani chai katika soko la Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay, aghalabu hukuta kwenye pakiti mistari myeusi na, chini yake, nambari ndefu inayoanza kwa 616.

Nambari hiyo ya tarakimu 13 inazidi trilioni sita. Wapo wanaoamini kuwa ni ithibati kwamba bidhaa ni halali na imetengenezwa Kenya. Imani hiyo yaweza kumponza mnunuzi.

Tarakimu 616 huonyesha tu kuwa nambari ilitolewa kupitia shirika la GS1 Kenya. Bidhaa yenyewe yaweza kuwa imetengenezwa kwingineko.

Mistari ya aina hii ilisomwa na mashine dukani kwa mara ya kwanza Juni 26, 1974, mjini Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Tangu hapo, kazi ya tarakimu ya mwisho imekuwa kunasa makosa.

Tuchukue mfano wa kubuni: 6161234567890. Jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo hadi ya 11: 6+6+2+4+6+8, yaani 32. Kisha jumlisha ya pili, ya nne, hadi ya 12: 1+1+3+5+7+9, yaani 26, na uzidishe kwa 3 upate 78.

Jumla ya 32 na 78 ni 110. Tarakimu ya 13 huchaguliwa ili jumla yote igawanyike kwa 10 bila baki. Hapa ni 0.

Kwa nini 3? Kwa sababu 3 na 10 hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Kwa hivyo tarakimu yoyote moja ikikosewa, jumla haigawanyiki tena kwa 10 na mashine hukataa. Lau ingetumiwa 2, anayeandika 6 mahali pa 1 angeongeza 10 kamili, na kosa lingepita.

Hata hivyo, kinga hii ina pengo. Tarakimu mbili jirani zenye tofauti ya 5 zikibadilishana nafasi, jumla hubadilika kwa 10 na kosa halionekani. Ajabu ni kwamba 6 na 1 ni jozi ya namna hiyo: ukiandika 166 badala ya 616, hesabu bado inakubali.

Pengo kubwa zaidi ni la udanganyifu. Anayenakili nambari ya pakiti halisi hunakili pia usahihi wake. Hesabu hupambana na kosa la kidole, si hila ya mwizi.

Basi asiyetaka kuuziwa bidhaa ghushi asitosheke na 616. Atafute alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), na kuhakikisha nambari ya kibali iliyo chini yake.