Binti peke yako kisiwani? Uliza kwanza boti ya mwisho ni saa ngapi

BOTI ya mwisho ya kwenda Mfangano iliondoka nikiwa bado ndani ya matatu, katikati ya Homa Bay na Mbita, nimebanwa baina ya gunia la makaa na mama aliyepakata kuku wawili. Nilijua hivyo nilipofika ufuoni na kukuta mashua tupu zinayumbayumba na vijana wanne wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ilikuwa saa kumi na moja na kitu jioni. Mmoja akainua kichwa.

"Madam, boti imeenda. Lakini usijali, niko na nyumba hapa karibu. Utalala, kesho asubuhi nakuvusha mimi mwenyewe."

Alisema kwa upole. Huenda alikuwa mtu mwema kabisa. Sikuwa na njia ya kujua, na hapo ndipo penye shida ya msichana anayesafiri peke yake: unalazimika kumhukumu mtu kwa dakika moja, na ukikosea hakuna rufaa.

Nikamwambia naelekea kwa shangazi. Sina shangazi Mbita. Mimi ni mzaliwa wa Migori mjini, na Kijaluo changu ni cha kuombea maji tu. Nilitembea kama mtu anayejua anakokwenda hadi kwa mama mmoja aliyekuwa akikusanya omena aliyoianika juu ya nyavu, nikamsalimu.

"Nyathina, uko peke yako?"

"Ee, mama."

"Na mamako anajua?"

Anajua, nikamwambia, ila hajafurahi. Akacheka, akanigeuzia ndoo niketi, akamaliza omena yake pole pole. Kisha akanipeleka mwenyewe kwenye gesti iliyo karibu na stendi na kumwambia mwenye gesti maneno matatu: huyu mtoto wangu. Komeo la chumba cha kwanza nilichopewa halikushika, nikadai kingine, nikapewa bila maneno mengi. Sidhani ningepewa haraka hivyo bila yale maneno matatu.

Nasimulia haya kwa sababu tangu Januari 2024 kila msichana wa rika langu akitaja safari anaambiwa akae nyumbani. Mwezi huo Starlet Wahu aliuawa katika nyumba ya kukodi ya muda mfupi mtaani South B, Nairobi, na siku chache baadaye Rita Waeni akauawa Roysambu. Mnamo Januari 27 wanawake waliandamana katika miji mingi nchini. Huku kwetu tulikuwa na kidonda cha zamani zaidi: Sharon Otieno, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, Migori, ambaye mwili wake ulipatikana katika msitu wa Kodera, Homa Bay, Septemba 2018.

Ila ukitazama visa hivi vizuri, hakuna hata kimoja kilichotokea kisiwani. Wanawake wengi wanaouawa huuawa na watu wanaowajua, mara nyingi ndani ya nyumba. Kwa hivyo ushauri wa "kaa nyumbani" una walakini wake. Na lawama ni ya anayedhuru, si ya binti aliyetaka kuona ziwa. Nikishasema hivyo, bado nataka kurudi nyumbani nikiwa mzima, na ziwa lina mambo yake.

Kisiwa kina mlango mmoja, nao ni boti. Nairobi ukihisi vibaya unaingia matatu nyingine. Mfangano au Takawiri, boti ya mwisho ikishaondoka, uko na watu uliowakuta hadi kesho. Ndiyo maana kabla hujauliza bei ya chumba wala mahali pa kupiga picha, uliza boti ya mwisho kwenda na ya mwisho kurudi, na uwaulize watu wawili tofauti. Rusinga ni nafuu kwa safari ya kwanza kwa sababu imeunganishwa na Mbita kwa daraja. Unaweza kuona kaburi la Tom Mboya na kurudi Mbita siku hiyo hiyo, kwa boda au hata kwa miguu ukibaki karibu.

Vuka asubuhi. Ziwa Victoria huwa tulivu mapema, kisha mchana upepo huanza kuvuma na mawimbi kupanda. Vaa jaketi la kuokoa maisha hata kama ni chafu na linanuka samaki, na lifunge kamba zote. Nililovalishwa mimi lilikuwa na kamba moja kati ya tatu. Nikaomba jingine, mwanamume mmoja akaguna kwamba wasichana wa siku hizi wanaogopa maji. Naam, tunayaogopa. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka. Nauli utaipata tena.

Kuna jambo ambalo wageni hawaambiwi. Katika fuo nyingi za ziwa hili kuna desturi ya jaboya, ambapo mchuuzi wa kike hulazimika kulala na mvuvi ili auziwe samaki. Wavuvi huhamahama wakifuata samaki, na katika visiwa vidogo vilivyosongamana kama Remba na Ringiti utakuta wanaume wengi walio mbali na kwao, wenye pesa taslimu na pombe karibu. Msichana asiyejulikana akishuka botini peke yake jioni, wapo watakaodhani amekuja kwa biashara hiyo. Si kosa lako, lakini ni vyema kujua wanachokifikiria. Nilipofika Sena, Mfangano, nilipitia kwanza ofisi ya BMU, wasimamizi wa ufuo, nikajitambulisha na kusema nimekuja kuona michoro ya kale ya miambani na jumba la makumbusho la Abasuba. Mzee aliyekuwa pale akaniita binti yangu na kunitafutia kijana wa kunitembeza, na jina la kijana huyo nikamtumia dadangu kwa simu mbele yake. Hakukasirika. Anayekasirika, achana naye.

Pesa nazo. Ukimlipa mtu wa boti au wa boda kwa M-Pesa kwenye nambari yake binafsi, huenda ukamwachia jina lako na nambari yako. Mimi nilipigiwa saa tano usiku na mtu aliyetaka kujua kama nimelala salama. Siku hizi natembea na noti ndogo ndogo, au nalipa kwa till ikiwapo. Picha naziweka mtandaoni nikishaondoka mahali, si nikiwa bado pale.

Kwa upande wa Migori, marafiki hupenda kuniuliza kuhusu Migingo. Kisiwa hicho ni mwamba wa takriban nusu ekari uliofunikwa na mabati, na Kenya na Uganda zimeugombania kwa miaka mingi, hasa tangu 2008. Ukidhulumiwa pale, utaripoti kwa polisi wa nani? Mimi sendi peke yangu. Muhuru Bay naenda, nikiwa na kitambulisho, na naangalia simu isije ikadaka mtandao wa Tanzania na kunimalizia salio wakati ninapolihitaji.

Na likitokea? Tuseme wazi, kwa sababu wengi wetu hufundishwa haya tukiwa tumechelewa. Ukibakwa, usioge wala usifue nguo. Zitie kwenye mfuko wa karatasi. Nenda hospitalini kwanza, hata kabla ya polisi. Dawa za kuzuia HIV, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Za kuzuia mimba ni ndani ya saa 120, nazo pia hufanya kazi vizuri zaidi ukiwahi. Ukiwa kisiwani, saa hizo zinaliwa na kungoja boti, kwa hivyo mwambie mtu usiku huo huo. Fomu ya P3 haiuzwi. Nambari 1195 ni ya bure, usiku na mchana, na 999 au 112 ni za polisi. Ziandike pia kwenye karatasi, maana simu huzama.

Nilikaa Mfangano siku mbili. Niliona ile miduara myekundu na myeupe iliyochorwa kwenye miamba, nikala ngege hadi nikashindwa kuinuka. Niliporudi Mbita nilimpitia yule mama wa omena. Aliuliza kama nimekula, kisha akanionyesha kwa kidevu upande wa mashua. Yule kijana wa drafti alikuwa akipakia kreti za soda.

"Huyo? Ni mtoto wa dada yangu. Hana neno," akasema. Akaendelea kugeuza omena. "Lakini ulifanya vizuri."