Nyumba Isiyohitaji Tanuri

Katika mji wa Regina, jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, halijoto ya majira ya baridi huweza kushuka kupita nyuzi 30 chini ya sifuri. Hata hivyo, mwaka 1977 ilijengwa mjini humo nyumba moja, iliyosimama peke yake, ambayo haikuwekewa tanuri la kuipasha joto. Serikali ya jimbo ilikuwa imetaka nyumba itumiayo nishati ya jua. Wahandisi, miongoni mwao Harold Orr wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, walishauri kwamba kabla ya kutafuta chanzo cha joto, nyumba yenyewe izuiwe isilipoteze.

Joto husafiri kutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo. Kiasi kipitacho ukutani huongezeka kadiri eneo la ukuta na tofauti ya halijoto zinavyoongezeka, na hupungua kadiri ukinzani wa ukuta unavyokuwa mkubwa. Kuta za nyumba hiyo zilikuwa na unene wa sentimita 30 hivi, nazo zilijazwa kihami, yaani kitu kizuiacho joto kupita. Ukuta wa namna hiyo hupitisha wati 0.14 hivi katika kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Ikiwa ndani ni nyuzi 20 na nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri, ukuta wa mita za mraba 100 hupoteza 0.14 × 100 × 50, yaani wati 700. Ukuta wenye robo ya ukinzani huo ungepoteza wati 2,800. Yafaa ikumbukwe kwamba mtu aliyetulia hutoa wati 100 hivi; kwa hiyo wakaaji wenyewe, pamoja na taa na jiko lao, huchangia sehemu kubwa ya joto linalohitajiwa.

Aidha, joto hutoroka pamoja na hewa kupitia mianya. Mianya ikizibwa, wakaaji hukosa hewa safi. Kwa sababu hiyo nyumba iliwekewa chombo ambamo hewa chafu inayotoka huiachia joto lake hewa safi inayoingia, pasipo hewa hizo mbili kuchanganyika.

Kwa upande wa gharama, mitambo ya kunasa joto la jua ndiyo iliyokuwa ghali na yenye usumbufu, na hatimaye iliondolewa. Kihami hakihitaji fundi wala vipuri. Mwaka 1988 Wolfgang Feist wa Ujerumani na Bo Adamson wa Sweden waliendeleza fikra hiyo, na nyumba nne zilizounganishwa zikaanza kukaliwa mjini Darmstadt mwaka 1991. Kipimo kilichotokana na kazi yao huruhusu kilowati-saa 15 tu za kupasha joto kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Nyumba iliyo peke yake hukifikia kwa taabu zaidi, kwa kuwa kuta zake zote nne zimeelekea nje.

Je, kaboni nayo? Ichukuliwe nyumba ya mita za mraba 120. Ikitumia kilowati-saa 150 kwa kila mita, mahitaji yake ni 18,000 kwa mwaka. Ikitumia 15, ni 1,800. Gesi asilia hutoa kilo 0.2 hivi za kaboni dioksaidi kwa kila kilowati-saa. Basi tani 3.6 hupungua kuwa 0.36. Lakini kutengeneza kihami na vioo vya ziada nako hutoa kaboni. Tukadirie tani 10: deni hilo hulipwa kwa miaka mitatu hivi. Endapo nyumba hupashwa joto kwa umeme utoao kilo 0.05 tu, deni hilohilo huhitaji zaidi ya miaka 12.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza nyumba inatumia nishati kiasi gani. Ni lazima pia kujua nishati hiyo yatoka wapi na nyumba itadumu miaka mingapi. Katika nchi za joto kanuni ni ileile, ila mwelekeo hugeuka: chini ya bati lililopigwa na jua joto huingia ndani, na dari yenye kihami hulizuia. Wanafunzi wanaweza kuanza kwa kupima halijoto ya madarasa mawili saa nane mchana, moja lenye dari na jingine lisilo nayo.