Majukwaa ya ujenzi: anayepita chini hayumo kwenye hesabu

Bei ya saruji, nondo na kokoto hujadiliwa kila siku Dar es Salaam. Bei ya jukwaa la kusimamia mafundi haijadiliwi. Huingia kwenye makubaliano kwa neno la mdomo, na siku ya kupiga lipu ghorofa ya nne ikifika, fundi huambiwa atafute mirunda. Kariakoo, ambako nyumba za zamani za chini zimegeuka maghorofa yaliyobanana hadi ukingo wa barabara, jukwaa hilo halina pa kusimama ila juu ya njia ya waenda kwa miguu. Chini yake yupo mama lishe, ipo meza ya chaja za simu, na wapo wateja wa jumla waliotoka Kongo, Malawi, Zambia na Komoro. Mara nyingi ghorofa za chini zimeshapangishwa na maduka yamefunguliwa, huku juu mafundi bado wanapandisha tofali.

Sheria haikosekani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatamka tangu mwanzo wake kwamba inawalinda pia watu wasiokuwa kazini dhidi ya hatari zinazotokana na kazi za wengine. Mpita njia wa Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, yumo humo. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwakilisha pale bei zinapopangwa.

Mfanyabiashara mmoja anayekodisha majukwaa ya chuma wilayani Ilala, aliyeomba jina lake lisiandikwe kwa kuwa wateja wake ndio hao wanaokaguliwa, ana dukuduku la muda mrefu. Seti yake kamili, anasema, ina vikalio vya miguu, fremu, vyuma vya mshazari, mbao za kukanyagia, reli ya kuzuia mtu asianguke, mbao za ukingoni za kuzuia nyundo na tofali visidondoke, na neti. Mteja akitajiwa bei ya vyote, huchukua fremu na mishazari tu. Mbao atatumia zake, zilizokwisha kutumika kwenye zege na kujaa misumari. Neti atashona viroba. Reli haulizii kabisa.

Kinachomuuma zaidi ni kinachofuata. Mkaguzi akipita na kusimamisha kazi, vyuma hubaki juu, mteja hukataa kulipia siku ambazo kazi imelala, na mwenye vyuma hana ruhusa ya kwenda kuvifungua. Anajiona anaadhibiwa kwa kosa la kukodisha nusu ya alichotaka kukodisha. Anataka kanuni imlazimishe mteja kuchukua seti nzima au aache kabisa, na risiti ionyeshe kila kipande.

Ana lingine pia. Bomba la jukwaa linalokubalika kimataifa lina kipenyo cha milimita 48.3 na unene wa milimita 3.2 au 4. Yake ameagiza China, akalipia meli, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Mshindani wake anachomelea mtaani kwa mabomba membamba ya kutengenezea vitanda na viti, anapaka rangi ileile, na kutoka barabarani huwezi kutofautisha. Anapendekeza kila kipande kigongwe muhuri wa ukaguzi. Hoja hiyo ina maslahi ndani yake, maana muhuri ungewatoa sokoni wachomeleaji wengi wadogo na kumwachia yeye na wenzake wenye mitaji. Hata hivyo chuma chembamba hupinda bila kujali nani anafaidika na muhuri, na hapo mfanyabiashara huyu yuko sahihi.

Mirunda ni soko jingine, tena kubwa kuliko la vyuma kwa anayejenga kwa kudunduliza. Mikaratusi hushuka kwa malori kutoka nyanda za juu kusini, Mufindi na Njombe. Pwani ya Kenya, Kilifi hadi Malindi, kazi hiyo hufanywa na mvinje, ambao wakulima huupanda kama zao la biashara. Mti si kosa. Jukwaa la miti mizima, iliyofungwa vizuri na kushikizwa ukutani, hubeba mafundi bila shida. Kosa huja mti unapohamishwa saiti hadi saiti, ukapigwa misumari na kung'olewa, ukanyeshewa masika mawili, kisha ukauzwa tena kwa bei ya chini kwa mtu ambaye hakuuona ukiwa mpya. Mara nyingine mguu wa jukwaa husimamishwa juu ya mfuniko wa mtaro au pevingi zilizolegea, na hapo hata chuma cha bei ghali hakisaidii.

Ukiwauliza maofisa, jibu huja na takwimu. Ofisa mmoja wa ukaguzi, naye bila kutaja jina, alirejea makadirio yanayonukuliwa sana ya vifo visivyopungua 60,000 kila mwaka kwenye saiti za ujenzi duniani, karibu kifo kimoja kila dakika 10. Kwa maelezo yake, takwimu hiyo ndiyo iliyosukuma ukaguzi uimarishwe, na hali sasa ni ya kuridhisha. Ni takwimu nzito, na inastahili kurudiwa. Lakini ni ya dunia nzima, na inahesabu wafanyakazi. Haisemi lolote kuhusu Kariakoo, wala haimhesabu mwanafunzi anayeangukiwa na kipande cha tofali akienda shule. Neno la kuridhisha linahitaji hesabu ya hapa, ya majukwaa yaliyosimama barabarani na yale yaliyokaguliwa. Uingereza, jukwaa la ujenzi hukaguliwa angalau kila siku 7, na la kusimamishwa barabarani huhitaji leseni kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1980. Anayetembea Mtaa wa Kongo au Aggrey anaweza kujiuliza ni jukwaa gani hapo limewahi kuona mkaguzi mara mbili.

Hata anayetaka kufuata utaratibu huzungushwa. Kibali cha ujenzi kinatoka mlango mmoja, ruhusa ya kutumia hifadhi ya barabara mlango mwingine, usalama wa kazi mlango wa tatu. Wakandarasi wadogo wanalalamika kwamba kila mlango huwaelekeza kwa mwenzake linapokuja suala la jukwaa lililoegemea njia ya watu. Serikali inakumbusha kwamba baadhi ya tozo za usalama mahali pa kazi zilifutwa, jambo ambalo ni kweli. Ila kilio cha wengi ni siku zinazopotea, na hizo hazikufutwa.

Neti nazo zina hesabu yake, na hapa wakaguzi wanaodai neti bila kuangalia kingine wanaweza kuleta madhara. Neti hushika upepo kama tanga. Miezi ya kusi, jukwaa lililofunikwa lakini halikushikizwa ukutani vya kutosha lina hatari kubwa zaidi ya kuanguka kuliko lililo wazi. Kwa hiyo gharama ya neti si kitambaa peke yake. Kuna vishikizo, na kuna fundi anayejua vinakaa wapi.

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya mfanyakazi na mpita njia iko kwenye fidia. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inamgusa mwajiriwa, na mwajiri huchangia mfuko kwa ajili yake. Mama lishe aliye chini ya jukwaa si mwajiriwa wa mtu. Akiumia, kilichobaki ni bima ya mkandarasi, kama ipo, au kesi ya madai, au maelewano ya familia mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kibarua aliyeletwa kwa siku moja bila mkataba naye yuko karibu na hali hiyohiyo.

Mbele kunaonekanaje? Wakodishaji wa vyuma wanatarajia kazi iongezeke, kwa kuwa maghorofa hayajapungua. Wauza mirunda hawaoni sababu ya hofu. Kanuni zikibanwa ghafla, bei ya kukodi huenda ikapanda kabla ya usalama kuongezeka, na wanaojenga kwa kudunduliza watajificha kwenye kazi za usiku. Zikiachwa kama zilivyo, anayelipa ni yule asiyejua kwamba analipa. Kati ya mawili hayo, la pili ni baya zaidi.

Mwenye jengo anayesoma ukurasa huu asingoje kanuni mpya. Amtake mkandarasi aandike jukwaa, neti na kibanda cha kuwakinga wapita njia kwenye mchanganuo wa gharama, kila kimoja na bei yake, kabla hajalipa malipo ya awali.